Muziki Ulioshusha Bendera

Kobe alikuwa ameanza kuburuta miguu kwa mara nyingine tena mchana ule, na Semeni alikuwa amekwisha kumwambia mumewe kwamba akiirudisha ile sindano ya santuri mwanzo, chakula atajipakulia mwenyewe.

"Sikiliza hapa," Alois alisema, mkono juu kama anayezuia magari. "Hapa hapa. Unasikia mabesi yanavyoingia? Kwenye spika ya zamani hukuwahi kuyasikia haya, Mama Neema. Miaka yote umebishana na mimi bila kuyasikia mabesi."

"Nimeyasikia. Yamechoka."

"Hayajachoka. Yana huzuni."

"Mwenye huzuni anatembea, Baba Neema. Anakwenda kuzika, anarudi, anabandika sufuria, maana watu watakula. Huyu wako amekaa katikati ya njia na maiti iko mabegani. Weka wangu uone."

"Wako! Wako anazika kama anakimbizwa na polisi."

Simfonia, ule muziki mrefu wa okestra, ilikuwa moja, santuri mbili. Mzungu aliyeitunga alikufa kabla bibi zao hawajazaliwa, lakini walioipiga walikuwa okestra mbili, chini ya waongozaji wawili wasiofanana kwa lolote. Wa kwanza, kwenye picha ya jalada, alikuwa na kipara na amefumba macho. Huyo alikuwa kipenzi cha Alois. Wa pili nywele zilikuwa zimemsimama kama mtu aliyeshuka sasa hivi kwenye pikipiki; huyo alikuwa wa Semeni. Padri mzee wa misheni kule Matombo, ambaye Alois alimwendesha kwenye mawe na matope ya Uluguru hadi nywele zao wote wawili zikawa nyeupe, aliwaachia santuri hizo pamoja na mashine yake siku aliporudi kwao kufa. Majina ya Kizungu yakawashinda kuyatamka, wakawabatiza upya: Kobe na Bodaboda. Nyumba nyingine zina Simba na Yanga. Nyumba hii ilikuwa na hao.

Siku ile binti yao Neema, mwalimu huko Dodoma, alikuwa amewatumia spika mpya kwa basi. Spika yenyewe ilikuwa kubwa kuliko sebule, hivyo wakaiweka barazani. Na kwa kuwa ubishi wao mkubwa ulikuwa kwenye sehemu ya pili, ile ya mwendo wa maziko, Alois alikuwa anaipiga hiyo tu. Anafika mahali mabesi yanapoingia, anasimamisha, anahutubia, anarudisha mwanzo. Mtaa mzima wa Mizambarauni, huku pembeni ya Mafiga, ulikuwa umesikia kwa saa nzima matarumbeta yakilia na ngoma ikipiga taratibu, bila tangazo, bila mtu kusema chochote.

Wa kwanza kufika alikuwa Hidaya, jirani wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa amejifunga khanga mbili na ameshika ufagio. Ukoo wake na ukoo wa Alois ni watani tangu huko milimani, na kwa Waluguru mtani ndiye anayefagia uwanja wa msiba, ndiye anayewatukana wafiwa wakacheka, na hakuna wa kumkataza. Alisimama getini akamkagua Alois juu mpaka chini.

"Basi si wewe," alisema kwa masikitiko. "Nimefunga genge langu bure. Nani kafa, mtani?"

"Afe nani? Tunasikiliza muziki."

"Muziki gani wa hivi? Huu ni wa redio akifa mkubwa. Watu wameshatoka nje wote. Mangi kafunga duka. Walimu wameruhusu watoto."

"Na redio inasemaje?" Semeni aliuliza.

"Haijasema kitu. Ndiyo maana watu wanaogopa. Wanasema ikikaa kimya hivyo, basi ni mkubwa kwelikweli."

Alois aliinyanyua sindano. Ndipo Semeni aliposogea getini, akatazama upande wa ofisi ya serikali ya mtaa, akaona kitu kilichomfanya aweke mkono mdomoni, kwanza kwa kucheka.

Bendera ilikuwa nusu mlingoti.

*

Mtaa wa Mizambarauni umeomba bomba la maji hadi waombaji wengine wamekufa na ndoo zao. Umeomba kalvati, watoto wasivuke mtaro kwa kubebwa mvua za masika zikishuka kutoka mlimani. Kwa hayo yote hakuna aliyewahi kumwona Mtendaji wa mtaa anakimbia. Kwa muziki alikuja mbio.

Jina lake Victor, kijana wa chuo, shati la mikono mirefu, ajira yake bado mpya. Nyuma yake alikuwa Stambuli, mgambo, mtu mzima mwenye kirungu na malapa. Mtendaji hakusalimu. Alipita katikati ya wazee wawili kama anayepita katikati ya viti.

"Nani kafanya hivi?"

"Karibu, baba," Alois alisema, akivuta stuli. "Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Nauliza nani amepiga muziki wa maombolezo ya kitaifa bila kibali?"

"Si wa kitaifa, kiongozi. Huu ni simfonia. Sehemu yake ya pili tu ndiyo ina mwendo wa..."

"Mzee, umezua taharuki. Unajua taharuki ni kosa? Nimepigiwa simu kutoka ngazi ya juu, naulizwa nani amefariki. Mimi! Naulizwa mimi!"

Hapo Semeni alielewa, na kicheko kikamkauka. Hakuna ngazi ya juu iliyousikia muziki kutoka baraza lake. Iliyoonekana ni bendera. Kijana huyu aliusikia muziki akiwa ofisini, akadhani redio imetangaza yeye kalala, akaogopa kuonekana amechelewa kulia. Akatoka akaishusha kwa mikono yake. Watumishi wa namna hii Semeni aliwafahamu tangu zamani: wakiona moshi hawatafuti maji, wanatafuta nani wa kumripoti. Sasa aibu ile ilikuwa inamtafuta mwenyewe, naye alikuwa anaisukumia kwenye baraza la watu.

"Stambuli, chukua hiyo mashine. Na hizo sahani."

"Santuri," Alois alisema.

"Vyote ni vielelezo. Spika nayo."

"Spika ni mzigo, mkuu," Stambuli alisema. "Nina mgongo."

"Basi nusu. Mashine na sahani. Spika utaifuata kesho."

Stambuli alizichukua santuri kwa vidole viwili, kama anayeshika mkia wa panya, na moja ikachomoka kwenye jalada. Alois aliiwahi kabla haijagusa sakafu. Aliipuliza vumbi, akairudisha kwenye jalada, kisha, Mungu amsamehe, akamkabidhi Stambuli kwa mikono miwili. Semeni aliiona mikono ile. Ilikuwa mikono ya mtu anayetoa zawadi.

"Jumamosi kuna mkutano wa mtaa," Mtendaji alisema. "Mtasimama mbele ya wananchi muombe radhi. Mkiomba vizuri, tutaangalia. Msipoomba, faili linakwenda polisi. Na mzee, usinilazimishe, kesi ya taharuki hailetewi chai."

Alipoondoka, bendera ilikuwa imepandishwa tena hadi juu. Hakuna aliyeona nani aliipandisha. Mtaa mzima ulikuwa umeona nani aliishusha.

*

Siku zilizofuata zilikuwa za kuchekwa. Semeni alikuwa anauza viungo vya Matombo sokoni, mdalasini, pilipili manga, karafuu kidogo, na wateja wakaanza kumwita Mama Msiba. Mama mmoja alimwuliza kama pilipili hii ni ya pilau la harusi au la matanga. Mwingine, mnunuzi wake wa siku zote, alipita kwa jirani bila kugeuza shingo, maana mume wake alikuwa mjumbe wa serikali ya mtaa na hakutaka kuonekana.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu palikuwa kimya. Mchana wa Ijumaa walikaa barazani wakichambua mdalasini, kila mmoja na ungo wake, spika kubwa kando yao imefunikwa shuka kama mgonjwa. Stambuli hakuwa amerudi kuifuata. Alituma salamu kwamba mgongo bado.

"Neema kapiga simu," Alois alisema. "Kasema tuombe tu radhi yaishe. Eti kuomba radhi hakutoi damu."

"Neema ni mtumishi, anaogopa kwa ajili ya kazi yake. Simlaumu. Wewe unaogopa nini?"

"Naogopa mashine. Ikilala kituoni mvua ikapiga, ndiyo kwaheri. Nani atanitengenezea? Maneno ni maneno tu, Mama Neema. Nasimama, nasema nimekosa, nachukua changu."

"Umekosa nini?"

Alois alivunja kijiti cha mdalasini, akakinusa, akakitia kwenye ungo usio wake.

"Nakuuliza, umekosa nini?"

"Si lazima uwe umekosa ndiyo useme."

Semeni aliuweka ungo chini. Alikuwa na kumbukumbu mbaya, kwa maana ya kwamba hakikumtoka kitu. Aliikumbuka siku walipofukuzwa wachuuzi pembeni ya barabara, yeye na mimba ya Neema, na mtu mwenye buti akakanyaga sinia lake hadi karafuu zikazama kwenye tope. Alimwambia yule mtu, samahani mkuu. Alisema samahani kwa mguu uliomkanyagia mali! Na wenzake wote walisema hivyo hivyo, mstari mzima wa wanawake, samahani mkuu, samahani mkuu, kama wanaitikia dua. Yule mtu akaondoka akiamini kwamba amekosewa. Na wa baada yake wakaamini. Na huyu Victor, ambaye siku ile hakuwa amezaliwa, alirithi imani hiyo pamoja na kiti.

"Mimi siombi," alisema.

"Basi nitaomba mimi peke yangu."

"Omba. Mdomo ni wako."

Wakachambua. Baada ya muda Alois alianza kuimba kwa pua, taratibu, mwendo ule ule wa maziko, kidole kikigonga ungo. Semeni alivumilia, akashindwa.

"Hata ukiimba mwenyewe unaburuta! Siyo hivyo. Hivi." Naye akaimba, kwa haraka yake, kidevu juu.

"Unaona? Umeruka mabesi."

"Sijaruka. Nimeyapita yakiwa yamekaa."

Alois alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Halafu akakumbuka kesho kuna nini, na kicheko kikaisha.

*

Mkutano ulijaa. Siku za kujadili maji huja watu wa kuhesabu kwenye vidole. Siku ya kumtazama mtu akiaibishwa hata viti vya kuazima havitoshi. Mashine ilikuwa juu ya meza mbele ya Mtendaji, santuri zimelala juu yake, na juu ya santuri kuna chupa ya maji ya Mtendaji. Alois aliiona chupa ile na jinsi ilivyokuwa inatoa jasho. Tangu hapo hakutazama kingine.

Aliitwa. Akasimama, kofia mkononi.

"Ndugu wananchi wenzangu. Mimi Alois, mnanijua. Siku ya Jumanne nilipiga muziki kwa sauti ya juu. Watu wakashtuka, maduka yakafungwa. Kwa hilo la watu kushtuka, nasema nimekosa. Naomba radhi."

Baadhi ya watu walitikisa vichwa kukubali, yaishe. Lakini kijana alikuwa amepigiwa simu na ngazi ya juu, na radhi fupi namna ile haikumtosha.

"Haijatimia, mzee. Wananchi wanataka kusikia kwamba hayo unayoyapiga ni makelele. Ni vitu vya ovyo, havina maana, si utamaduni wetu, na hutavipiga tena. Sema hivyo, uchukue mashine yako uende."

Alois alifungua mdomo. Semeni, aliyekaa mkekani upande wa wanawake, alifumba macho. Kwa karibu nusu ya maisha yake alikuwa amesikiliza mwanamume huyu akishindwa kusema hapana: kwa padri, kwa wakwe, kwa kila mwenye kalamu mfukoni.

"Kwamba nisipige tena..." Alois alianza. "Hilo labda tunaweza kuzungumza. Lakini kwamba ni makelele..." Aliipindapinda kofia. "Hilo, kiongozi, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kulisema. Nitakuwa nimesema uongo mbele ya watu. Sisi tumeusikiliza muziki huu tangu mtoto wetu yuko mgongoni, kwanza kwa padri, kisha kwetu. Tumegombana kwa ajili yake. Mwenzangu ana wa kwake na mimi nina wa kwangu, na wa kwangu ndiye bora, lakini hata wa kwake... hata wa kwake siwezi kumwita makelele."

Watu walicheka, lakini si kile kicheko walichokuja nacho.

"Mtani!" Hidaya alipaza sauti. "Leo ndiyo nakuona mwanamume! Siku ukifa kweli nitafagia kwa moyo!"

"Kimya hapo!" Mtendaji alisimama. "Mzee, nakupa nafasi ya mwisho."

"Mimi nina swali," Semeni alisema.

Alikuwa amesimama kabla hajaamua kusimama.

"Mama, hujapewa ruhusa ya kuzungumza."

"Sijaomba. Swali langu ni dogo. Sisi tulipiga muziki, tukiwa barazani kwetu. Muziki hauna mikono. Bendera ya nchi ilishushwa. Nauliza: aliishusha nani?"

Zaidi ya watu mia moja walikuwa wanajua jibu, na kila mmoja alikuwa akitazama mahali pengine: viatu, anga, mabega ya milima ya Uluguru yenye wingu lake. Semeni aliwajua. Wangekwenda nalo hivyo hivyo mpaka kaburini.

"Nani alituma mtu kuuliza kwetu kwanza? Hatua mia toka ofisini! Bibi Hidaya hapa alikuja na ufagio, akauliza nani kafa, akajibiwa, akaenda zake. Amepata jibu bila kusoma chuo chochote. Sasa aliyetaharuki ni nani, na anayeomba radhi ni nani?"

"Huyu mama anachochea," Mtendaji alisema, na sauti yake ikapanda mahali isipotakiwa. "Andikeni, anachochea."

"Andikeni. Jina langu Semeni binti Mkude. Niliwahi kuomba radhi nikiwa nimekanyagiwa mali yangu. Sirudii."

Akatembea hadi mezani. Aliiondoa chupa ya maji juu ya santuri, akaipangusa kwa upande wa khanga yake na kuiweka mbele ya mwenyewe, vizuri kabisa, kama anayemwandalia mgeni. Akazishusha santuri mezani, akaibeba mashine kifuani.

"Mama, weka chini! Stambuli! Mzuie huyo!"

Stambuli aliusogeza ulimi upande mmoja wa shavu, akawaza.

"Nimzuie kwa kumshika wapi, mkuu? Mke wa mtu huyu, na mwenyewe kasimama hapo ananiangalia."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikavuka kwenda kwa wanaume, kikawafikia hata wajumbe, ambao walikiziba kwa mikono. Alois alikuja nyuma, akazichukua santuri mbili, moja kila kwapa. Hakuna aliyewafungulia njia kwa heshima kama kwenye hadithi nzuri. Watu walijibanza tu, wengine kwa woga wa kuguswa nao. Yule mnunuzi wa pilipili wa Semeni alivuta miguu ndani ya sketi. Lakini walipita.

*

Nyumbani Alois alishika waya, akatazama njia waliyotoka. Semeni alichomeka. Aliondoa shuka juu ya spika.

"Watakuja," Alois alisema.

"Watakuja."

"Pengine na polisi."

"Pengine. Leta santuri."

Alinyoosha mkono akampa Bodaboda. Ilikuwa haki yake, naye alijua. Semeni aliitazama ile picha ya nywele zilizosimama, akairudisha kwenye kiti.

"Weka Kobe."

"Kobe? Wewe?"

"Usijidanganye. Bado anaburuta, na nitasema hivyo mpaka siku ya kufa kwangu. Lakini aliyeshtakiwa ni yeye. Weka, na ufungue sauti yote."

Alois aliishusha sindano kwenye sehemu ya pili. Ngoma zikaanza kutembea kuteremka mtaa, polepole, matarumbeta nyuma yake. Mahali fulani ng'ambo ya ukuta Hidaya alipiga vigelegele, jambo ambalo halijawahi kufanywa juu ya mwendo wa maziko na mtu yeyote, na hakuna duka lililofungwa. Mabesi yakaingia. Alois aliinua kidole, akakumbuka kunyamaza.

Hawakuwa wamefika katikati lango lilipogongwa. Alikuwa Mtendaji, peke yake, shati limelowa kwapani. Stambuli hakuwa nyuma yake.

"Zimeni," alisema. "Mkutano haukufungwa. Mashine inarudi ofisini."

"Sehemu haijaisha," Semeni alisema.

"Itaisha saa ngapi?"

Semeni aliivuta stuli akaiweka juani, katikati ya uwanja, mahali ambapo mtaa mzima ungeiona.

"Angekuwa wangu ungeshaondoka," alisema. "Lakini huyu ni wa mume wangu, na huyu huwa hana haraka. Kaa usubiri."